Zamu ya Mwisho Haipunguzwi

Majina yote ninayo. Ya wanawake wote waliokaa kwenye kitanda changu na kwenye ndoo zilizopinduliwa katika chumba changu cha mtaa wa La Rochelle, ya mama zao, ya watoto waliowaacha nyumbani, hata la mbuzi ambaye mmoja wao alimlilia kwenye simu siku nzima. Shule niliiacha darasa la nne. Baba aliona nimeshajua kusoma vibao vya maduka, akasema inatosha. Asiyejua kuandika sana hana budi kukumbuka, na mimi nimekumbuka mpaka kichwa kimekuwa kama ghala. Lakini hapa sitaandika jina hata moja. Jina likishawekwa kwenye karatasi linatembea lenyewe, linafika kwa shemeji, linafika kwa mchungaji, linavuka mpaka bila pasi. Atakayejitafuta humu ajitafute kwa sura.

Vijana wananiuliza, "Bibi, ilikuwaje mtu kama wewe ukaandika kitabu cha wanawake wawili wanaopendana?" Mtu kama mimi. Maana yake mzee, mwenye tasbihi mkononi, muuza ndagala, dagaa wa kwetu, pale Joubert Park. Nawajibu: kwani mapenzi yanaombwa cheti cha shule?

Nilikulia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako Kiswahili tumekinyonya pamoja na maziwa. Nilipoolewa, nyumba ya pili kutoka kwetu walikaa wanawake wawili waliouza mawese na ndagala sokoni. Mmoja mrefu, mwingine mfupi. Watu waliwaita dada, ingawa kila mtu alijua mama zao hawakuwahi hata kuonana. Walikuwa na kitanda kimoja, mwavuli mmoja, na ugomvi mmoja usiokwisha kuhusu chumvi.

Yule mrefu akafa. Homa tu, ya kawaida, iliyokataa kuondoka. Yule mfupi akavaa nyeupe, akakaa eda. Eda kabisa, kama mke aliyefiwa na mume. Mtaa ukacheka kwanza, kisha ukanuna. Ndugu wa marehemu wakaja wakachukua mizani, wakachukua mapipa ya mawese, wakachukua hata kigoda. Wakamwuliza mlangoni, watu wakisikia: "Wewe ni nani yake hata umkalie eda?" Mimi nilikuwa nampelekea uji, kwa sababu mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alisema anayekaa eda hapiki. Hakusema zaidi ya hapo, wala sikumwuliza. Siku moja yule mfupi akapokea bakuli, akatazama pembeni ya jiko, akaniambia, "Wangeniachia kigoda tu. Alikuwa anakalia yeye."

Hicho kigoda nimetembea nacho kichwani. Vita vikatutoa Buyenzi, nikazika mume njiani, nikalea watoto katika nchi tatu, nikafika mji huu wa migodi, kusini mwa Afrika, nikiwa na mvi, na kigoda kipo. Kwa hiyo nilipoanza hadithi yangu nilitaka jambo moja tu. Hao wawili wazeeke. Wote wawili. Kigoda kibaki ndani ya nyumba yao na akikalie mwenyewe mpaka kichoke.

Niliitunga pale pale mezani pangu, barabarani, mbele ya saluni, kati ya mteja wa sombe, yaani kisamvu, na mteja wa ndagala. Nilikuwa naongea kwenye simu, sauti inakwenda kwa mjukuu wangu, yeye anaandika kwenye kompyuta ya chuo. Mjukuu huyu amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia, lakini ukimsemesha anakujibu Kizulu au Kiingereza, kama mtu unayemrushia mpira anakurudishia ndoo. Akawa ananipigia: "Bibi, mawese what? Bibi, kigoda?" Nikamwambia njoo nikuonyeshe. Akaja, akakaa, akaandika, na sura ya kwanza ilipokwisha akaniangalia. "Bibi," akasema, "hii ni romance." Nikamwambia, "Wewe ulidhani naandika bei ya samaki?"

Yeye ndiye aliyesema tutafute wachapishaji. Akawa anatuma, na majibu yakawa yanakuja, mimi ananisomea huku amekunja uso. Wa kwanza walisema ni nzuri lakini haina mapambano ya kutosha. Msomaji anataka kuona wamepigwa. Wa pili walisema hadithi za mapenzi zina kanuni zake, kufika sura ya tatu lazima pawe na moto, na hawa wangu sura ya tatu bado wanachambua samaki. Wa tatu, wa huko kwetu Afrika Mashariki, waliandika dua ndefu ya kuniombea nitubu, na chini ya dua wakauliza kama nina hadithi za watoto.

Nilicheka mpaka mteja akaondoka. Mjukuu hakucheka. "Bibi, hakuna mtu wa kuisoma," akasema, kwa Kiingereza, lakini hilo nilielewa.

Hakuna mtu. Haya.

Sisi wanawake tulikuwa na likelemba yetu. Wakongo ndivyo wanavyoita; Watanzania wanasema upatu, Wakenya chama, na wenyeji wa hapa stokvel. Kila mtu anatia, mmoja anakula, na zamu inazunguka mpaka kila mtu amekula. Ina sheria mbili zisizoandikwa popote na ambazo sijawahi kuona mtu akizivunja akabaki na rafiki. Ya kwanza: aliyekula hatoki mpaka wa mwisho ale. Ya pili: zamu ya mwisho haipunguzwi, anakula sawasawa na wa kwanza, hata kama mmechoka, hata kama mmegombana.

Nikawaambia, "Tuweke likelemba nyingine. Ya hadithi." Kila mmoja atatia kidogo cha kuchapia karatasi. Kila wiki mmoja anakula sura: anapewa kurasa, anakwenda nazo kwake, anazijua kabla ya wengine, na Jumapili anatusomea kwa sauti chumbani kwangu. Kurasa zinabaki zake. Mwenye likelemba yetu, mama mmoja wa Bukavu mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa kuliko mwili, auzaye vitenge, akasema, "Bon. Hadithi ya nini?" Nikasema ya watu wawili wauza samaki, wanapendana. Sikuongopa. Hawakuuliza zaidi.

Zamu ya kwanza ililiwa na mama mmoja Mrundi mwenzangu, mwanakwaya, mke wa mzee wa kanisa. Nitamwita mama wa kwaya. "Nipeni mimi nifungue," alisema, "nyie mnasoma kama mnatafuna mchanga. Koo langu hili limefunguliwa kwa Zaburi." Tukampa. Na kweli, alisoma vizuri. Alipofika kwenye ugomvi wa chumvi aligeuza sauti mbili, ya mrefu na ya mfupi, watu wakashika mbavu. Alikunja karatasi zake akazitia kwenye mkoba pamoja na Biblia.

Zamu ya mwisho iliombwa na msusi wa ile saluni iliyo nyuma ya meza yangu, binti wa Kitanzania, mpole, wa maneno machache. Kwenye likelemba anayeomba zamu ya mwisho ni mtu wa ajabu kidogo. Wote wanataka kula mapema kabla dunia haijageuka. Nikamwuliza, "Mwanangu, mbona unajiweka mkiani?" Akasema, "Shikamoo Bibi. Mimi napenda kujua mwisho peke yangu kwanza." Nikaitikia marahaba, nikaendelea kufunga sombe. Sikulitafakari.

Mambo yaliharibika Jumapili ya sura ya tatu. Huko ndiko yule mrefu anamwosha mwenzake miguu baada ya soko, anamfuta kwa upindo wa kitenge chake, anabusu kifundo.

"Simama hapo hapo," mama wa kwaya akasema. "Rudia huo mstari."

Aliyekuwa akisoma akarudia, safari hii polepole zaidi, kwa ukorofi.

"Kifundo cha mguu?"

"Cha mguu."

"Mwanamke mwenzie?"

"Kwani umesikia mwanaume kaingia humu?" mtu akasema kutoka kitandani, na chumba kikapasuka kwa kicheko.

Mama wa kwaya akasimama. "Yesu wangu. Na mimi ndiye niliyefungua! Kwa mdomo huu!" Akanigeukia. "Mama, wewe mtu wa kuswali, umenifanyia hivi?"

"Nimekufanyia nini? Nilisema wanapendana."

"Nilidhani wanapendana kama watu!"

"Na hao ni nini, kuku?"

Akachukua mkoba, akavuta kitenge chake begani. Ndipo mama wa Bukavu akaweka kikombe chini. "Maman, unaenda wapi?"

"Nyumbani. Mimi simo tena."

"Weye ulishakula."

"Nimekula nini? Karatasi?"

"Sura ya kwanza. Nani alikula ya kwanza? Weye ulililia, ukasema koo yako ni ya kwaya, tukakupa. Sasa ikala hapo kwa kiti." Akapiga kiti kwa kiganja. "Aliyekula hatoki. Ukitoka kwa hii, utatoka kwa ile ya pesa pia, na huko bado haujalipa wenzako."

Mama wa kwaya alisimama palepale, nadhani akipima motoni na likelemba. Kisha akaburuta kiti mpaka dirishani, akakaa ametupa mgongo, mikono kifuani, akitazama barabara. "Nitakaa," akasema. "Lakini sisikilizi."

Hakukosa Jumapili hata moja. Anafika kabla ya wote, anachukua kiti kile kile, anatupa mgongo ule ule. Siku moja tunasoma sehemu ambapo wingu limetanda juu ya ziwa, hawa wawili wamekimbilia ndani, wameshikana mikono, wanasikiliza upepo. Kila mtu anasubiri. Sauti ikatoka dirishani, bila shingo kugeuka: "Na ndagala nani kazianua?"

Tukatazamana.

"Mvua inakuja, wao wako ndani wanashikana mikono. Samaki wa wiki nzima wako juani, yaani mvuani. Hao si wafanyabiashara. Hao watakufa njaa na mapenzi yao."

Alikuwa na haki. Jumatatu niliwarudisha wale wawili nje, nikawafanya waanue ndagala pamoja wakikimbizana na matone, na ile mikono ikashikana chini ya turubai lenye harufu ya samaki. Sehemu hiyo sasa ndiyo watu wanayoipenda kuliko zote. Wachapishaji wote walionijibu hakuna aliyeuliza habari ya ndagala.

Maneno yakatoka nje, kama yanavyotoka. Vijana wawili wa kwetu walikuja mezani wakasema wamesikia nawafundisha wake zao uchafu. Mmoja akapindua beseni la sombe kwa mguu. Nikamwambia, "Mwanangu, mama yako namjua jina, na baba yako pia, na usiku uliozaliwa nilikuwepo. Okota." Wakaondoka, hawakuokota. Niliokota mwenyewe na msusi akatoka saluni, mikono ina mafuta, akaokota nami. Nchi hii sheria inawaruhusu wanaopendana hivyo hata kuoana, na ni jambo zuri. Lakini sheria haikai na wewe chumbani La Rochelle. Majirani ndio wanaokaa.

Tulikuwa tumebakiza sura mbili mjukuu aliponiletea habari. Kuna mama Mkenya, anafanya kazi kwenye kampuni ya vitabu, amesoma yote aliyotumiwa, anataka tuonane. Nikavaa vizuri. Nyumba yake iko mtaa wa Observatory, juu kwenye mlima, ngazi za kutosha kumuua mtu. Alitupokea mwenyewe, akanishika kiwiko, akaniita bibi kwa namna ya kwao, "Shosho, pole na hizo ngazi, karibu, keti." Chai ya maziwa iliyochemshwa pamoja na majani, kama inavyotakiwa. Miwani juu ya kichwa. Mtu mwema, nasema hivyo mapema ili nisieleweke vibaya.

"Shosho, nimelia kwa ajili ya hicho kigoda," akasema.

"Basi utakitoa kitabu?"

"Ngoja kwanza." Akateremsha miwani. "Kwa Kiswahili, hapa, nitamwuzia nani? Wanaosoma mapenzi ya namna hii wanasoma Kiingereza. Wanaosoma Kiswahili hawatataka kuonekana nacho mkononi. Wasomaji wako, Shosho, kusema ukweli, hawapo."

"Wapo. Kila Jumapili wananimalizia sukari."

Akacheka, akamtazama mjukuu, akaendelea. Angeweza kukitoa kwa Kiingereza. Angeweza kupigania hata nakala chache za Kiswahili. Lakini bosi wake hatakubali mwisho ule nilioueleza, vikongwe wawili jikoni wanagombania chumvi. Lazima mmoja afe. "Sisemi ni haki," akasema. "Nasema ninavyoijua kazi hii. Watu wanasamehe mapenzi kama haya yakiishia kaburini."

"Wanasamehe nini? Nani kawakosea?"

Alinimiminia chai nyingine, na nikaona mkono wake hautaki kusema aliyoyasema mdomo.

Tukarudi, mimi na mjukuu. Tulipofika kwenye robot ya kona yetu, tukisubiri taa, akasema kwa Kiswahili, sentensi nzima, bila kuchanganya, "Bibi, angalau kitakuwepo." Nadhani hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimechoka, mguu unauma, na mtoto amesema sentensi nzima. Kitakuwepo. Kuliko kutokuwepo.

Nikamuua yule mrefu. Nilimuua mchana kweupe, mezani pangu, nikiongea kwenye simu. Homa, kama ilivyokuwa. Ndugu wakaja, mizani ikaenda, mapipa yakaenda, kigoda kikaenda. Mteja mmoja wa hapa akaniuliza, "Gogo," ndivyo wanavyomwita bibi, "unalia?" Nikamwambia ni pilipili.

Sura hiyo, ndiyo ya mwisho, ikaenda kwa mwenye zamu yake, msusi. Na nikamwalika yule mama wa vitabu aje kuwaona hao watu wasiokuwepo. Akaja Jumapili na mkate mkubwa, tukambana kati ya friji na ukuta.

Msusi alisoma. Hakuwa na sauti ya kwaya. Alisoma kama anavyosuka, mstari kwa mstari, akivuta kidogo kila mwisho. Homa. Shuka. Ndugu mlangoni. "Wewe ni nani yake?" Kigoda kikatoka mlangoni mikononi mwa mtu. Mwisho.

Akakunja karatasi mara mbili. Alikuwa nazo wiki nzima; alikuwa ameshayajua haya wiki nzima, akisuka vichwa vya watu, nami nipo mbele ya mlango wake nauza samaki. "Ahsante, Bibi," akasema, akainuka kwenda kumimina chai. Macho yake makavu kabisa. Nimeona macho ya namna hiyo mara moja tu maishani, juu ya bakuli la uji.

"Nani kamuua?"

Mama wa kwaya alikuwa amegeuka. Kiti chake kilikuwa kimegeuka pia, sijui saa ngapi. "Nauliza. Nani kamuua huyu mwanamke?"

"Homa," mtu akasema.

"Homa gani? Wiki iliyopita alikuwa anabeba gunia! Nimekaa kwenye hiki kiti Jumapili zote hizi, mgongo unaniuma, mume wangu anauliza hiyo likelemba ina nini isiyokwisha, halafu mnaniletea maiti?"

"Si ulisema wanatenda dhambi?" mama wa Bukavu akamchokoza. "Mais sasa furahi, Mungu amelipa."

"Dhambi ni dhambi, sijafuta neno. Lakini zamu ni zamu." Akamnyooshea msusi kidole, msusi ameshika birika hewani. "Mimi nilikula nini? Watu wawili wazima, wanagombana, wananuka samaki, wanacheka. Wewe ulikula nini? Na wewe? Wote tumekula wakiwa hai. Huyu mtoto kajiweka wa mwisho, katuamini, kangojea, na wa mwisho ndiye anayepewa mifupa? Zamu ya mwisho haipunguzwi! Au sheria ni ya kunifunga mimi tu?"

Mama wa Bukavu, kwa sauti ya chini ambayo sikujua anayo: "Ana haki." Akanitazama. "Maman. Mlipe mtoto."

Niliwaambia ukweli, kwamba mwisho huu umeombwa, na kwa nini. Hakuna aliyemgeukia mgeni kwa ubaya, lakini mkate wake haukuguswa. Yule mama wa vitabu akasafisha koo. "Shosho, sasa nimewaona," akasema. "Wapo. Lakini hawatoshi."

"Kwa nani?"

"Kwa kampuni."

"Mimi sikuandikia kampuni. Huyu," nikamwonyesha msusi, "anatosha. Kama angekuwa peke yake kwenye chumba hiki angetosha. Nilimwona mmoja akikaa eda bila kuulizwa unaendeleaje, na nilikuwa na miaka ya kuambiwa nyamaza. Sasa sina. Nimeshamzika mmoja, mwanangu. Wa pili simziki, si kwa kitabu, si kwa Kiingereza, si kwa bosi wako. Mwambie bibi amekataa."

Mjukuu wangu alikuwa amejificha uso. Nilidhani analia kwa sababu ya kitabu kilichopotea. Kumbe alikuwa ameshafungua kompyuta. "Bibi," akasema, "anza. Naandika."

Sikuanza hapo hapo, mimi si bomba. Nilichukua wiki. Niliwaweka jikoni. Yule mrefu ameinama sasa, si mrefu tena, yule mfupi haoni vizuri kwa jicho moja. Wametia chumvi mara mbili kwenye chungu kimoja, kila mmoja akidhani mwenzake amesahau. Wanakula hivyo hivyo, wanakunywa maji mengi, wanalaumiana. Mrefu amekaa kwenye kigoda. Mguu mmoja wa kigoda umelegea, na mfupi anasema kesho atautengeneza. Hapo ndipo nilipokata.

Jumapili iliyofuata msusi alikuja kusoma zamu yake, na hakuja peke yake. Alikuwa na mwanamke wa rika lake, mwenye sare ya mlinzi, ametoka kazini moja kwa moja. "Huyu ni mwenzangu," akasema, akisimama mlangoni, na neno hilo akaliacha hapo kati ya watu kama mzigo aliochoka kuubeba. Nafasi hazikuwepo. Kitanda kimejaa, ndoo zimejaa. Mama wa kwaya alikuwa kwenye benchi safari hiyo, si dirishani. Alimtazama yule mlinzi kuanzia buti mpaka kofia. Hakutabasamu, hakumsalimu. Akasogea. Si sana, kiasi cha mtu mmoja mwembamba. Lakini alisogea.

Msusi akasoma. Kwenye chumvi, mtu wa kwanza kucheka alikuwa yule mlinzi.

Yule mama wa vitabu alinipigia simu baadaye. Kampuni imekataa, kama tulivyojua. Lakini jioni zake ni zake, akasema. Angetusaidia kunyoosha kurasa na herufi, ila jina lake lisionekane popote. Nikamwambia hilo lisimsumbue, majina sisi hatuandiki. Akacheka mpaka akakohoa.

Kwa hiyo tulikwenda wenyewe kuchapa, mimi na mjukuu, kwenye duka moja karibu na Joubert Park ambalo kazi yake kubwa ni programu za mazishi, vile vijitabu vya kumwaga marehemu. Ukutani wamebandika mifano: picha za marehemu wa watu, njiwa, mishumaa, mawingu. Mwenye duka, kijana wa hapa hapa, aliponiona na kilemba changu alivua kofia. Mjukuu akawa ananitafsiria, ingawa uso wa yule kijana pekee ulitosha.

"Pole sana, gogo. Nani ametuacha?"

"Hakuna aliyetuacha," nikasema. "Ndiyo maana tumekuja."

Hakuelewa, lakini alikuwa na adabu. Akafungua kompyuta akatuonyesha jalada alilozoea kutumia. Watu wa hapa huweka majua mawili kwenye programu zao: moja linachomoza, chini yake siku mtu aliyozaliwa, la pili linazama, chini yake siku aliyokufa. Katikati unaweka picha. Akauliza aweke ya nani. Nikasema aweke kigoda, nikamchorea kwa kidole juu ya meza, miguu mitatu, mmoja umelegea.

"Na tarehe, gogo?"

"Hakuna tarehe. Hilo jua linalochomoza liache, zuri." Nikaweka kidole kwenye kioo chake, juu ya lile la pili. "Hili futa."